Mahudhurio ya Msiba wa Mama Yangu

Mimi ni mtu wa kinyongo. Nalisema mapema ili mtu asije akanitafutia roho nzuri ambayo sina. Wapo wanaokasirika asubuhi na jioni wamesahau. Mimi hasira yangu naitunza kama mbegu ya ufuta, ndani ya chupa kavu, kizibo nimekikaza, mpaka msimu wake ufike. Mtaa wetu hapa Nachingwea ulinikosea mara moja tu, nami nilisubiri miaka sita.

Nianze na mtaa wenyewe unavyoendeshwa, maana bila hilo hamtanielewa. Umoja wetu ni wa kufa na kuzikana. Nyumba ni thelathini na nne, kila moja ina namba ya rangi nyekundu juu ya mlango. Namba moja ni ya mwenyekiti, alijipa mwenyewe. Yangu ni kumi na tisa. Kuna katibu, kuna mjumbe wa filimbi, na kuna mama mtunza vyombo anayekaa na maturubai, masufuria makubwa, majamvi, machepe na sururu. Mtu akifa, mjumbe anapita na filimbi yake, na ukiisikia unaacha ulichoshika, hata kama ugali uko jikoni. Wanaume wanakwenda kuchimba kaburi. Wanawake wanachota maji, wanachambua mchele, wanapika. Watu wakisharudi kutoka makaburini, katibu anasimama na daftari la mahudhurio na kuita namba. "Kumi na nne?" "Nipo." "Kumi na tano?" "Nipo." Akija mtu mmoja tu, nyumba nzima imehudhuria. Nyumba ikikosa misiba mitatu bila udhuru, inakatwa, na kukatwa maana yake ni kwamba siku ukifiwa wewe, filimbi haipigwi.

Hakuna aliyewahi kukatwa. Tuliichukulia kanuni ile kama mama anavyomwambia mtoto mtukutu kwamba atamuuza. Mtoto anajua hauzwi.

Mwenyekiti wetu alikuwa karani mstaafu. Kazi ilimleta huku zamani kutoka mkoa mwingine, akaoa Ruangwa, akajenga Nachingwea, akamleta na mama yake mzazi kuja kuzeekea kwake. Alikuwa mtu wa barua. Ukitaka kuazima turubai kwa ajili ya harusi, barua. Ukitaka kuugua, wallahi nadhani angependa uandike barua kwanza. Mfuko wa shati lake haukukosa kalamu mbili, ya bluu ya kuandikia watu na nyekundu ya kuwakatia. Na alikuwa na msemo wake, mtaa mzima unaujua: "Udhuru wa mdomo ni upepo."

Sasa, watu wa kwao na sisi Wamwera ni watani. Kwa asiyejua, mtani wako anaweza kukutukana hadharani, akakunyang'anya kofia, akaja kwenye msiba wako akacheka, na wewe ukikasirika ndiye mshenzi. Mtani ana haki yake kwa maiti pia. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akamuigiza, akazuia jeneza mlangoni, na halitoki mpaka aridhike. Mwenyekiti aliuona utani kuwa mambo ya watu wasiosoma. Lakini mama yake! Yule bibi ndiye aliyekuwa mtani hasa. Kila asubuhi alipita mbele ya nyumba yangu na mkongojo wake, akagonga ukuta. "Wezi wa kuku mmeamka?" Mama yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, alimjibu kwa Kimwera maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Wakacheka wote wawili mpaka wakakohoa. Ndio ulikuwa urafiki wao.

Mama aliugua msimu wa korosho. Nilimpeleka hospitali ya mbali, nikakaa naye huko wiki tatu, nikilala chini ya kitanda chake. Kabla sijaondoka nilimwambia katibu wa wakati ule, kwa mdomo, uso kwa uso, mbele ya mashine ya kusaga: "Nampeleka mama, mkinikosa mnajua niliko." Akasema Mungu amponye. Katika wiki zile tatu mtaa ulipata misiba miwili. Na mmoja nilikuwa nimeukosa kabla, nikiwa shambani Chiola naokota korosho, filimbi haifiki kule. Ikawa mitatu.

Tulirudi na mama, madaktari wamesema apumzike nyumbani. Alipumzika siku nne, alfajiri ya tano akafa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu.

Nikamtuma mdogo wangu kwa mwenyekiti. Nilimwambia apige hodi kwa adabu, aseme shikamoo, aseme mama ametutoka, aombe filimbi. Alirudi uso umembadilika. Akasema, "Dada, anasema nyumba namba kumi na tisa ilishakatwa. Anasema mtaa hauitambui. Amenionyesha daftari, mstari mwekundu umepita juu ya jina lako."

"Ulimwambia tulikuwa hospitali?"

"Nilimwambia. Akasema udhuru wa mdomo ni upepo."

Nilitoka nje. Sikuamini, nilidhani watu watakuja tu, kanuni ni kanuni na mtu ni mtu. Kumbe mjumbe alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba bila filimbi, akiwaambia kwamba atakayekwenda kwa aliyekatwa, naye atakatwa. Nikawaona milangoni. Walisimama, kila mmoja chini ya namba yake nyekundu, wananitazama. Yule wa namba ishirini, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanawe wa kwanza alizaliwa mikononi mwangu tukisubiri bodaboda. Alikuwa dirishani. Macho yetu yakakutana. Akaachia pazia.

Asikwambie mtu kwamba uchungu wa kufiwa ndio uchungu mkubwa. Ule wa kufiwa peke yako umeuzidi.

Maji niliyachota mimi, huku mama amelala ndani. Sanda nilikwenda kuinunua mimi. Ndugu wa Chiola na wa Chinongwe walifika na pikipiki jua limeshakuwa kali, wakachimba kwa majembe ya palizi, kwa sababu machepe ya mtaa yalikuwa yamefungiwa stoo. Ardhi ilikuwa kavu, na nilisikia baadaye kwamba mmoja wao alilia makaburini kwa hasira, si kwa msiba.

Saa nne hivi za asubuhi, tukiwa ndani mimi na mama mdogo tunajiandaa kumkosha, nikasikia mkongojo nyuma ya nyumba. Si mbele, nyuma, kwenye kinjia cha mikoroshoni. "Hodi! Nimekuja kuhakikisha. Watu wa kwenu waongo, mnaweza kusema mtu kafa kumbe mnakwepa wageni."

Alikuwa yule bibi, mama yake mwenyekiti. Kanga imemjaa majani, mkononi ana kikopo cha ubani. Sijui aliwezaje kupita njia ile na miguu yake. Akaingia, akainama, akaifunua shuka, akamtazama mama kwa muda mrefu.

"Kafa kweli, mwizi wa kuku," akasema. "Na sasa nimtukane nani asubuhi?"

Nilicheka. Haki ya Mungu, nilicheka, ndipo machozi yakatoka kwa mara ya kwanza siku ile. Bibi akakaa kwenye jamvi. Alimwagia mama maji kwa kata, akachoma ubani wake, akakaa mpaka alasiri, jeneza lilipokwisha toka. Wakati wa kuondoka alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikavu vina nguvu ajabu. "Mwanangu asijue," akasema. "Nakula kwake. Nikiwa hai usinigombanishe naye. Nikifa, mimi ni mtani wako, fanya utakalo."

Jioni ile hapakuwa na daftari. Hakuna aliyeita namba kwa mama yangu. Msiba wake haukuandikwa popote, kana kwamba hakufa, au kana kwamba hakuwahi kuishi. Nilipolala chini nikaapa. Nitawafanya waseme. Wote, mmoja mmoja, kwa midomo yao, mbele za watu: waseme kwamba siku ya mama yangu hawakuwepo. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwenye kikao, kinachofanyika kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga. Nikaomba kurudi. Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Mwenyekiti akaniagiza niandike barua ya kuomba radhi, na adhabu yangu iwe kuchota maji misiba mitatu mfululizo bila kupokezana. Nikaandika. Mimi mfiwa niliwaomba radhi wao! Barua ile niliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, akaisoma mbele ya kikao, akasema, "Mnaona? Mtu akielimika inapendeza." Nikameza mate. Nikachota maji misiba mitatu. Watu wakasema kweli huyu mama amenyenyekea.

Mwandiko ule ndio uliowaponza. Katibu alipohamia Lindi, mwenyekiti akanipendekeza mimi. Nikakabidhiwa daftari, likalala nyumbani kwangu. Siku ya kwanza kabisa niliposhika kalamu kama katibu, nilifungua ukurasa mpya katikati ya daftari. Juu nikaandika jina la mama yangu. Chini nikapanga namba, moja mpaka thelathini na nne. Mbele ya kila namba nikaacha pengo. Kisha nikafunga.

Nilikuwa katibu mkali, msiniulize. Ukikosa msiba, nilikuja mlangoni kwako kesho yake. Wa namba ishirini alikosa mmoja, akaniambia mwanawe alikuwa na homa. "Barua iko wapi, shoga?" nikamuuliza. "Udhuru wa mdomo ni upepo." Akaenda kuandika akiwa amekasirika, na nilifurahi kumwona anatafuta kalamu. Mwenyekiti alinisifu kila kikao. Ila nyumba ikifikisha misiba miwili ya kukosa, nilikwenda kuihimiza, nikaibembeleza, hata nikaisaidia kuandika. Mtu angedhani nina huruma. Hapana. Sikutaka apungue hata mmoja. Nilitaka siku hiyo ikifika, wawepo wote.

Bibi aliendelea kupita asubuhi. "Mtoto wa mwizi, umeamka?" "Nimeamka, mchawi wewe, hujafa tu?" "Nakusubiri utangulie." Hivyo hivyo, miaka. Nilimpenda yule bibi. Nalisema hili ili ijulikane kwamba nilichofanya sikukifanya kwa sababu simjali.

Alikufa kiangazi kilichopita, usingizini, umri umekwenda. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuja kwangu, shati halina hata kalamu moja. "Katibu," akasema, "mama amefariki." Nikampa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli. Halafu nikamwita mjumbe, na filimbi ikapigwa kuanzia namba thelathini na nne mpaka namba moja.

Ulikuwa msiba uliopangwa kuliko yote. Maturubai yamefungwa mapema, masufuria yako motoni, kaburi limechimbwa kabla ya saa tano. Ndugu zake wakaja kwa basi zima kutoka kwao, wengine wakatoka Ruangwa na Nanganga kwa wakwe. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomkosha. Nikammwagia maji kwa kata, kama alivyommwagia mama. Mwosha huoshwa, bibi yangu, nikamwambia kimoyomoyo.

Tulipomaliza nikavaa kanga yake, nikachukua mkongojo wake, nikatoka uani nimejikunja mgongo. Nikagonga ukuta. "Wezi wa kuku mmeamka?" Kicheko kikalipuka uwanja mzima, hata ndugu zake wakacheka na machozi. Mwenyekiti peke yake alikunja uso, lakini mbele ya ukoo wake angesema nini?

Adhuhuri ikaswaliwa. Jeneza likanyanyuliwa. Nikatangulia mbio mpaka kwenye geti, nikajilaza chini kwenye vumbi, kichwa kwenye nguzo hii na miguu kwenye nguzo ile, daftari kifuani.

"Halipiti," nikasema.

Watu wakacheka tena. Mtani huyo! Ndugu mmoja wa marehemu akainama na noti mkononi, kama desturi ilivyo, ili niinuke. Nikaisukuma. Akaongeza. Nikaisukuma.

"Sitaki hela. Nataka mahudhurio."

Shehe akasema kwa upole, "Binti yangu, maiti hacheleweshwi."

"Najua, shehe. Sitamchelewesha mimi. Wakijibu upesi, anapita upesi." Nikafungua ule ukurasa, nikasoma jina la mama yangu kwa sauti kubwa. Kicheko kikafa. Hata walioko jikoni wakaja na miiko yao. "Huu ni msiba ambao mtaa haukuita namba," nikasema. "Naita sasa. Mtani sijaridhika."

Mwenyekiti akasogea. Akasema kwa sauti ya chini, "Katibu, inuka, unaniaibisha."

"Hasira kwa mtani?" nikamuuliza. "Mbele ya ukoo wako?"

Mzee wa ukoo wao akasema, "Mpeni anachotaka, jua linakwenda." Mwenyekiti akarudi kwenye mguu wa jeneza, bega lake chini ya mti wa kubebea. Nikaanzia mwisho.

"Thelathini na nne?"

Ikatoka sauti ya mwanamume, "Sikuwepo."

"Thelathini na tatu?"

"Sikuwepo."

"Thelathini na mbili?"

"Mimi, dada yangu, siku ile nilikuwa safari..."

"Barua iko wapi?"

Akainamisha kichwa. "Sikuwepo."

Wa ishirini na saba alikuwa mwalimu, kijana wa mkoa mwingine. Akasema kwa woga, "Mama, mimi nimehamia hapa mwaka jana." Nikamwambia, "Wewe umepona, mwalimu." Na nikaendelea. Ah, nilivyoendelea! Kila "sikuwepo" ilikuwa tamu ulimini, sitadanganya. Miaka sita nimekula bila chumvi, ile ndiyo ilikuwa chumvi. Wageni wa basi walikuwa wanatazamana, wanaulizana kwa lugha yao huu ni mtaa gani ambao mama wa watu alizikwa bila jirani.

"Ishirini?"

Alijitokeza kati ya wanawake, uso umelowa. "Sikuwepo," akasema. "Nilikuwa dirishani." Nikaandika vilevile alivyosema.

"Kumi na tisa? Mfiwa," nikajijibu mwenyewe.

Nikateremka. Kumi na nane, kumi na saba, mpaka tatu, mpaka mbili. Wanaume walikuwa wanabadilishana mabega chini ya jeneza. Mwenyekiti hakubadilishana, alibaki palepale, jasho linamtiririka.

"Nyumba namba moja?"

Alinitazama pale chini. Nadhani alijua tangu thelathini na nne kwamba ninakuja kwake. "Sikuwepo," akasema.

"Sikukuuliza wewe, Mwenyekiti. Nimeuliza nyumba. Mtu mmoja akija, nyumba imehudhuria. Kanuni yako hiyo."

"Nyumba yangu haikuwepo," akasema. "Hakuna aliyekwenda."

"Ilikuwepo. Ndiyo nyumba pekee." Nikanyoosha mkongojo juu, ncha ikagusa jeneza. "Alipita njia ya nyuma, mikoroshoni, ili wewe usimwone. Alikuja na kikopo cha ubani. Alimkosha mama yangu kwa mkono wake, akakaa mpaka alasiri. Aliniambia, mwanangu asijue, nakula kwake."

Nilimwona akigeuza uso taratibu, akaliangalia jeneza lililokuwa begani kwake, shavu lake karibu kabisa na ubao. Nikamnyooshea kalamu. Ya bluu.

"Mwandikie mama yako," nikamwambia. "Namba moja, yupo."

Mtu akampokea bega. Akapiga magoti vumbini karibu yangu, mzee wa watu, akaandika, na herufi zikatoka nje ya mstari. Nikalifunga daftari. Nikainuka, nikajipangusa vumbi kwenye kanga ya bibi, nikawapisha.

"Haya, mpelekeni mtani wangu," nikasema. "Amecheleweshwa na ninyi."